Mtungi Uliopimwa Buchani

Basi bwana, alikuwepo mtu mmoja mjini wakimwita Asali. Jina hilo hakupewa na mama yake, alipewa na watu aliowauzia vitu, kabla hawajafika navyo nyumbani. Wakishafika walimpa majina mengine, ambayo hapa hayasemeki, kuna watoto.

Siku hiyo Asali yuko kwenye foleni ya bucha, mfukoni hana kitu, moyoni ana shida. Mkewe karudi kwao, kachoka na uongo. Mama mkwe naye katuma neno: "Jumapili tunakuja. Nikikuta nyama ya maana sufuriani, mwanangu anabaki. Nikikuta maneno, naondoka naye." Sasa maneno Asali alikuwa nayo ya kugawia mtaa mzima. Nyama ndiyo hakuwa nayo.

Mara akamsikia mwenye bucha analalamika huku anakata mbavu.

"Mke wangu kapika bia ya nyumbani, tamu balaa. Pipa la chuma tunalo, bomba tunalo. Umebaki mtungi wa gesi, ile ya kuisukuma bia itoke na povu. Jumamosi shemeji zangu wanakuja, na mimi hata sijui mtungi unachaguliwaje."

Asali masikio yakamsimama. Kwake kulikuwa na mtungi wa namna hiyo hiyo, aliuokota baa moja ilipofungwa, na kazi yake ilikuwa kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Gesi ndani ilibaki ya kudanganyia tu.

"Kaka yangu," akasema, "mshukuru Mungu nimepanga foleni leo. Ungenunua wa gesi ya kupikia ukalipua mashemeji."

"Kwani wewe unaijua mitungi?"

"Nimekulia humo. Ukichukua mdogo, kila siku uko njiani unakwenda kuujaza. Ukichukua mkubwa, hauingii kwenye friji na mama anakununia. Chukua wa kati. Halafu tazama shingoni, kuna tarehe uliyopimwa usalama. Ikiwa ya zamani, wajazaji wanakufukuza. Na usikubali kubadilishiwa! Unapeleka wako mzuri, unarudi na wenye kutu wa mwenzako. Sema nijazieni huu huu, na usimame hapo hapo."

Yote hayo yalikuwa kweli. Ndio ubaya wa Asali, uongo wake aliuviringisha ndani ya kweli nyingi, kama vile buchani wanavyoviringisha mfupa ndani ya mnofu mmoja.

Mchana akarudi na mtungi begani, kaupaka rangi ya fedha, bado inanata. Walishapatana: mtungi kwa kilo kumi za nyama, hakuna hela.

"Geji hii hapa," Asali akaonyesha. "Mshale uko juu. Umejaa."

Ni kweli ulikuwa juu. Gesi ile ndivyo ilivyo, mshale unakaa juu siku zote, gesi ikikaribia kwisha ndiyo unaanguka ghafla. Asali alilijua hilo, na ndilo alilolitegemea.

"Geji mimi siijui," mwenye bucha akasema. "Mimi mtu wa mizani. Shingoni hapa wamegonga uzito wake ukiwa hauna kitu. Tuupime, kitakachozidi ndiyo gesi."

Mtungi ukatundikwa kwenye ile mizani ya kuning'iniza. Mshale ukashuka, ukashuka, ukashuka, mpaka Asali mwenyewe akashangaa.

"Umejaa!" mwenye bucha akapiga makofi.

Asali akatazama mizani. Akatazama bega lake, ambalo lilikuwa limebeba mtungi huo na halikuchoka. Kumbe! Mizani ile ilikuwa inaongeza kilo ambazo Mungu hakuziumba. Na mwenye bucha alikuwa ameidanganyia watu miaka mingi, hadi yeye mwenyewe akaanza kuiamini.

Asali alitaka kucheka. Lakini mwenye bucha akaanza kutundika nyama kwenye mizani ile ile.

"Kilo kumi hizo."

Kilo kumi gani, na mkono mmoja unazirusha juu?

"Kaka, ongeza kidogo."

"Niongeze? Kwani mizani inadanganya?"

Foleni nzima ikamgeukia. Asali akaangalia nyama, akaangalia mtungi.

"Haidanganyi hata chembe," akasema. "Ni mizani ya haki hiyo."

Hapo mke wa mwenye bucha akatoka nyuma. Akaushusha mtungi kwa mkono mmoja, akautikisa kidogo, akamtazama Asali. Springi ya ile mizani aliilegeza yeye zamani, mumewe akijua. Mbele ya wateja aseme nini?

"Shemeji," akasema kwa upole, "hizo kilo nikakufungie mwenyewe kule nyuma."

Nyumbani Asali akafungua mfuko: mifupa, kwato, na juu yake ulimi mmoja mkubwa.

Jumamosi bia ya mwenye bucha ikatoka glasi tatu, ikafanya pfff, ikalala. Mashemeji wakachotewa kwa kikombe. Mwenye bucha akamkamate Asali? Aseme mtungi ulikuwa mwepesi, halafu mji mzima uulize mizani ilisemaje?

Jumapili mama mkwe akafunua sufuria, akakoroga, mwiko ukagonga mfupa.

"Nyama iko wapi, mkwe?"

Asali akasema kweli. Mtungi, mlango, mizani, ulimi, vyote. Hakuongeza hata chumvi.

"Uongo mtupu!" mama mkwe akasimama. "Bucha ile nanunua mimi, mizani yake ya haki. Mwanangu, chukua mtandio tuondoke!"

Mkewe hakuinuka. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, kashika mbavu.

"Tangulia, mama."

"Unabaki na tapeli?"

"Tapeli yuko wapi hapa?" akasema, akijipakulia supu ya ulimi. "Huyu tukimwacha peke yake mjini, wiki haiishi, watu watakuwa wameshamuuza."