Malalamiko Kuhusu Dawa Iliyomrudishia Mama Mkwe Pumzi

Mheshimiwa Daktari wa Kifua,

Kwa heshima na masikitiko, naandika kuhusu mama mkwe wangu, yule mwenye mapafu yaliyochakaa, uliyemwandikia antibiotiki ya kumkinga, kidonge kimoja mara tatu kwa wiki. Mimi ni fundi cherehani na kazi yangu naifanyia sebuleni, anaposhinda yeye. Elimu yako naiheshimu, ila haya yamenifika shingoni:

1. Unamtibu mtu asiyeumwa. Hapa kwetu mtu huugua kwanza, akameza dawa, akapata nafuu, na vidonge vinavyobaki tunamwekea shemeji. Tangu umwambie kwamba mtindo huo unawafundisha vijidudu ukaidi, Mama amekusanya masalio yote kabatini akayarudisha duka la dawa. Juzi nilishikwa na mafua, nikamwomba kidonge kimoja tu. Alinipa maji ya moto na hotuba kuhusu virusi.

2. Zamani kikohozi kilimtangulia, tukajua yuko wapi. Sasa anatokea mlangoni kimya kimya, wakati mimi na binti yake tumeshaanza kumsema.

3. Pumzi uliyomrudishia anaimalizia kwangu. Mwaka jana kila tukigeuka amelazwa, na sentensi moja ilimshinda kuimaliza. Sasa anamaliza zake na za wateja. Bibi harusi mmoja alikuja kupima gauni, Mama akamwambia kiuno kimekaa upande, na kwamba bwana harusi naye anahitaji kutazamwa upya. Harusi imeahirishwa. Gauni ninalo hapa.

Kwa hiyo naomba umpunguzie dozi. Sisemi augue, Mungu apishie mbali. Naomba tu abaki na sauti ya kukwaruza kidogo, hasa siku za wateja kupima nguo.

Nisalimie wauguzi wote, pamoja na dada wa mapokezi anayemwita Mama "mrembo", maana naye amechangia.

Ni mimi, mkwe niliyezidiwa,
Fundi Cherehani

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha, leo asubuhi nikamsikia anakohoa. Kumbe dawa yake imeadimika madukani tangu wiki iliyopita, naye alituficha asitutie wasiwasi. Daktari, yote ya hapo juu yachane. Niambie tu inapatikana wapi, nitaifuata hata kwa miguu. Nimekaa naye sebuleni tangu alipoamka na hajanikosoa hata mshono mmoja. Naogopa.