Jina Langu kwenye Kengele ya Maman Mwadi

Jumatatu, 7 Machi 2022

Leo Ubelgiji imeondoa barakoa, isipokuwa ndani ya metro na mabasi. Nilivua yangu barabarani hapa Anderlecht. Dakika mbili hazijapita, mtu akanitambua na kuniuliza kwa nini sikufika kwenye matanga ya mama mkwe wake. Nikaivaa tena.

Habari kubwa ni barua ya Maman Mwadi. Huyu ni dada mkubwa wa mama yangu, ndiye aliyenilea Lubumbashi tangu nikiwa na miaka tisa. Sasa ana sabini na miwili. Anaishi peke yake ghorofa ya nne, lifti hakuna, magoti hana. Wakati wa korona alikaa kule juu miezi mitatu bila kukanyaga ardhi. Mkate aliuvuta kwa kamba na kikapu. Yuko kwenye foleni ya nyumba za bei nafuu mwaka wa kumi na moja huu. Barua zote za Kifaransa ananipa mimi nimsomee, kwa sababu mimi nilisoma kwa mapadri.

Bon. Nimesoma. Kuna jengo la ofisi huko Etterbeek, upande mwingine wa jiji. Tangu korona wenye ofisi wamezoea kufanyia kazi nyumbani wakiwa na pajama, jengo likabaki tupu, shirika la nyumba likaligeuza fleti. Maman amepewa moja! Chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko, tena iko chini kabisa, hakuna ngazi hata moja. Ajibu ndani ya siku kumi na tano. Kabla ya kupewa ufunguo, polisi wa mtaa atapita kwake kuhakikisha wanaoishi humo ni wangapi.

Nimesoma yote kimoyomoyo. Kisha nimemwambia habari ni njema, ila inahitaji marekebisho kidogo.

Marekebisho ni mimi. Tangu hoteli niliyofanyia kazi ifungwe kwa ajili ya korona, nalala kwenye stoo ya saluni ya rafiki yangu Guylain, kati ya maboksi ya nywele za bandia. Guylain naye analala humo humo, na anakoroma. Nina miaka hamsini na mmoja. Tukiandika kwamba Maman anaishi na mtu, lazima wampe vyumba viwili. Amenilea, mimi ni mwanawe. Uongo uko wapi?

Jumanne, 8 Machi

Nimeandika jibu. Kifaransa cha hali ya juu, heshima nne na unyenyekevu mara mbili. Watu wawili, vyumba viwili: Maman na Constant. Jina la ukoo sikuliweka, kwa sababu kwenye kompyuta ya serikali mimi bado naishi mji mwingine, Liège. Undugu pia sikuutaja. Ukieleza sana unaulizwa sana.

Maman hakuuliza kitu. Alitia sahihi pale kidole changu kilipokuwa, akaniita bwana yangu, akanipa kichwa cha samaki.

Nieleze hili la bwana, maana mtu akiliokota daftari hili atanifikiria vibaya. Marehemu mume wake aliitwa Constant, dereva wa treni, mtu mwenye heshima zake. Nilipozaliwa nikapewa jina lake. Kwetu ukibeba jina la mtu umebeba na kiti chake. Donc tangu nikiwa kwenye nepi, Maman Mwadi ananiita bwana yangu, ananidai vitenge, ananigombeza nikichelewa. Kanisani wote wanajua na wanacheka.

Kichwa cha samaki nilikila polepole, bila kumwangalia. Nilikimaliza.

Ijumaa, 11 Machi

Maandalizi. Kwenye kengele ya mlango wa chini nimebandika CONSTANT, chini ya jina la Maman. Bafuni nimeweka mswaki, mlangoni viatu. Viatu ni vya Guylain, namba arobaini na tano. Mimi navaa arobaini na moja, lakini polisi hatanivalisha. Guylain ametaka kujua yeye atafaidi nini. Nimemwahidi kochi la kulalia huko Etterbeek.

Rayhana, jirani wa ghorofa ya pili, ameniuliza ni nani huyo amehamia. Nikamwambia hakuna aliyehamia, mimi nipo siku zote. Akasema ni ajabu, maana mizigo ya Maman ni yeye anayeipandisha kila Jumamosi. Nilipanda ngazi kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Jioni akaja Emmanuella, mjukuu wa Maman, anayesomea uuguzi. Msichana ana macho. Akaniuliza, tonton, yaani mjomba, suruali yako inafanya nini bafuni kwa bibi. Nikasema inakauka. Akaishika. Ilikuwa kavu tangu asubuhi.

Jumanne, 15 Machi

Polisi amekuja. Anaitwa Bart, mrefu, mpole, ghorofa nne zilikuwa zimemmaliza pumzi. Ilikuwa siku yangu ya tatu nimekaa kwenye kiti cha Maman na ndala miguuni, nasoma gazeti lilelile.

Akamuuliza Maman huyu bwana ni nani kwake. Maman sikuwa nimemfundisha la kusema. Nilijiambia ni kumkosea heshima, kumfundisha mama kusema uongo. Ukweli ni kwamba niliona haya. Basi Maman akacheka, akanipigapiga shavu, akasema kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: "Constant? Huyu njo bwana yangu." Bart hakuelewa. Maman akamhurumia, akamtafsiria kwa Kifaransa: "Mon mari." Mume wangu.

Bart akaandika.

Hapo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini kusema mimi si mume ni kuanza kueleza mimi ni nani, na nalala wapi. Bart akanigeukia, akauliza kama naishi hapa. Nikasema ndiyo. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu utotoni.

Bart alikohoa. Akaomba kuona chumba cha kulala. Kitanda kimoja, mito miwili. Akafunga daftari lake haraka, akasahau hata kuniomba kitambulisho, akatutakia maisha mema. Maman amesema ni kijana mwenye adabu.

Jumatano, 23 Machi

Barua imerudi. Nimeisoma mara tatu, haibadiliki.

Mume na mke hulala chumba kimoja, kwa hiyo ombi la vyumba viwili limekataliwa. Hilo ningelimeza. Lakini wanaendelea. Kumbukumbu za serikali zinaonyesha kwamba Bwana Constant, mume wa Bibi Mwadi, alifariki mwaka 2009, na polisi wa mtaa amemkuta tarehe 15 Machi nyumbani akisoma gazeti. Ama Bibi Mwadi ameficha mume miaka yote hii, ama kuna jambo la kuelezwa. Faili limesimamishwa. Afike Jumatatu ajieleze, la sivyo jina lake linafutwa na fleti anapewa anayemfuata.

Miaka kumi na moja ya foleni. Nimeiua kwa ndala.

Maman akaniuliza wanasemaje. Nikasema bado wanatafakari. Yeye ameshafunga vyungu kwenye maboksi. Mapazia amempa Rayhana. Jana alishuka ghorofa zote kuaga majirani, ngazi moja moja, na kurudi juu kulimchukua dakika arobaini. Ananiambia Etterbeek atakuwa anatoka asubuhi kununua mkate mwenyewe, hivi hivi tu, bila kumwomba mtu. Nilikuwa nimekaa juu ya boksi la vyungu. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nimewahi kujichukia, lakini si hivi.

Alhamisi, 24 Machi

Nimepata wazo. Renée! Ni Mbelgiji, mwalimu mstaafu, alizaliwa kwetu, Likasi, anaimba nasi kwaya na Kiswahili chake kinakishinda cha Emmanuella. Nimemwendea nyumbani kwake Uccle kumwomba aandike barua ya kitaalamu, kwamba kwa mila zetu mume maana yake ni mtoto wa mdogo wake.

Alicheka sana. Akasema hilo la majina atalieleza kwa furaha, Jumatatu atakuja mwenyewe. Kisha akaniuliza polepole kama kweli nalala kwa Maman. Nikamjibu inategemea kulala ni nini. Akanimiminia chai, akanyamaza. Mimi kimya cha mwalimu sikiwezi. Nikasema yote, mpaka viatu vya Guylain.

Akaniambia mila ataieleza yeye, uongo nitaueleza mimi. Tena nianze kwa Maman, kabla ya Jumatatu.

Jumapili, 27 Machi

Nilikusudia kumwambia Maman baada ya misa. Padri kahubiri mwana mpotevu. Nilimwonea huruma Guylain, mahubiri yalikuwa yanamhusu kabisa.

Baada ya misa Maman alikuwa na furaha. Nikaona si vizuri kumharibia Jumapili. Nikamwambia tu kwamba kesho anaitwa ofisini kwa mambo madogo ya karatasi. Akaniuliza avae kitenge kipi.

Jumatatu, 28 Machi

Ofisi ya shirika la nyumba. Anayeshika faili anaitwa Femke, miwani, sauti ya chini. Upande wetu: Maman na kitenge chake cha Krismasi, Emmanuella wa kutafsiri, Renée, na mimi nyuma kidogo.

Renée akaeleza habari ya majina, vizuri kuliko mimi ningeweza. Femke alisikiliza, akafuta "mume", nadhani alizuia kicheko. Nikaanza kupumua. Kisha akauliza swali moja tu: mume au si mume, huyu bwana anaishi na Bibi Mwadi, ndiyo au hapana?

Emmanuella akamtafsiria bibi yake. Akamsomea pia barua mbili, ile yangu ya vyumba viwili na ile yao, neno kwa neno. Maman alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya mkoba. Alipoelewa alinigeukia. Nilitegemea matusi. Aliniuliza kama ni kweli sina pa kulala, na kwa nini sikumwambia.

Kisha akamgeukia Femke. Akasema huyu ni mutoto wangu, kama anasema analala kwangu basi analala kwangu, waandike. Kama fleti haituenei sisi wawili, wampe mwingine, yeye ngazi amezizoea.

Sakafu haikupasuka. Ningeshukuru ingepasuka.

Femke akaniangalia, akaniuliza mimi. Nikasema hapana. Hakusikia, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema samahani, sauti haifiki. Mara ya tatu nilipaza, ofisi nzima wakageuka, na kijana wa meza ya pili akaacha kuandika. Hapana, siishi kwake. Jina kwenye kengele nilibandika mimi. Barua niliandika mimi. Yeye alitia sahihi tu kwa kuniamini.

Femke aliandika muda mrefu. Maman amebaki na fleti, chumba kimoja, mtu mmoja. Mimi nimepewa fomu ya kujiandikisha kwa jina langu. Nikauliza foleni ni miaka mingapi. Emmanuella akamtangulia Femke kunijibu: anzia kumi na moja, tonton.

Kwenye tramu Maman alifungua mkoba. Akanipa nusu ya andazi lake. Nilishuka nalo mkononi.

Jumamosi, 30 Aprili

Tumehama. Nimebeba godoro na friji, mgongo umekwisha, na nimekataa kusaidiwa. Ilikuwa haki yangu kuumia. Rayhana alishuka na mapazia, kayarudisha, akasema Maman atayahitaji huko. Mimi hakunisalimu.

Fleti ni nzuri. Sakafuni kuna vitobo vya nyaya za simu kutoka wakati wa ofisi. Maman aliingia, akatoka, akaingia tena. Mara nne alifanya hivyo, kwa sababu tu anaweza. Halafu akaenda mwenyewe mpaka dukani kwenye kona, akarudi na mkate, akauweka mezani. Emmanuella alilia. Mimi nilijifanya natafuta bisibisi.

Kabla sijaondoka, Maman ameniita jikoni. Amenipa ufunguo wa pili. Amesema Emmanuella ana zamu za hospitali, Rayhana sasa yuko mbali, na yeye siku moja ataanguka humu ndani. Anataka awepo mtu wa kufungua mlango. Amesema amefikiria ni nani, na ni mimi. Nilimuuliza, baada ya yote yale? Akasema eh, nani tena.

Nimekwenda kulia kwenye chumba cha mapipa ya taka. Hapo hapo, mbele ya pipa la karatasi, nimeapa mbele za Mungu. Maisha yangu ya ujanja yamekwisha.

Jumatatu, 2 Mei

Ufunguo nimeuweka kwenye mnyororo shingoni, pamoja na medali ya Bikira Maria. Nauheshimu sana.

Nimefikiri lakini. Je, Maman akianguka wakati mimi niko mbali? Mtu mmoja mwenye ufunguo hatoshi, hii ni hatari, na sitaki kuwa na damu yake mikononi. Alors leo nimepita kwa fundi nikachonga nakala moja, nikampa Guylain. Kwa usalama wa Maman tu.

Guylain ameuliza kama kochi la pale linafunguka kuwa kitanda. Nimemwambia sijui. Jumapili Maman akienda misa tutaingia kuangalia.