Zimebaki Seti Tatu Tu

Jumatatu, 22 Desemba

Mwaka huu msimu wa sikukuu haunipati. Umenitoa jasho miaka tisa, yatosha. Na nani wa kunidanganya mimi? Nafanya kazi duka la vyombo vya nyumbani, na mabango yote ya punguzo naandika mimi kwa kalamu nene nyekundu. Tajiri, mwenye duka, ananitajia bei. Juu naandika kubwa zaidi, naikata mstari, chini naandika ileile ya siku zote. Watu wanaipenda sana ile iliyokatwa. Huwa nawahurumia.

Mke wangu kanikumbusha cherehani. Ya zamani ilikufa Agosti, na Januari ndiyo mwezi wa sare za shule. Bila cherehani wateja wake wataenda kwa mwingine na hawatarudi. Pesa tumeshaweka. Nimeapa sizigusi. Ili niwe na uhakika, nimempelekea fundi viatu jirani yetu azishonee ndani ya kipande cha ngozi. Nimemwambia asinipe hata nikilia. Mimi ni mtu wa mipango.

Jumatano, 24 Desemba

Shemeji, kaka yake mke wangu, kapita dukani eti kunisalimia. Kaniuliza mwaka mpya nampelekea nini mama mkwe. Mwaka jana yeye alipeleka feni, mimi chupa ya chai. Feni mpaka leo inaitwa feni ya mwanangu. Chupa yangu inaitwa kile kichupa. Nikamjibu kuwa mwaka huu tunapeleka upendo. Alicheka mpaka akashika kaunta. Imeniuma.

Ijumaa, 26 Desemba

Stoo kuna seti arobaini za sufuria, hazitoki. Tajiri kaniambia niandike chochote. Nimeandika bango la maisha yangu: bei ya juu nimeikata mara mbili, chini nimeweka “Zimebaki seti tatu tu.” Nikarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Mwandiko ule ungefaa cheti cha ndoa.

Jumamosi, 27 Desemba

Mama mmoja kashika seti, anaipima uzito mkononi. Moyo ukanipasuka. Akiichukua, zinabaki mbili! Najua ziko arobaini, nilizihesabu mwenyewe. Lakini bango linasema tatu, na limeandikwa vizuri.

Nikajifungia chooni, nikapiga hesabu. Ukitoa bei mpya kwenye ile iliyokatwa, ninachookoa kinakaribia nusu cherehani. Kwa hiyo nikinunua si kwamba natumia, naweka akiba. Nikamwomba tajiri anipunguzie kidogo, mimi ni mtu wa nyumbani. Kaniambia nisome bango.

Jumatatu, 29 Desemba

Fundi viatu kakataa. Nikamwambia pesa ni zangu. Akanikumbusha maneno yangu. Nikalia kidogo, jicho moja. Akasema hilo nalo nilishamwambia. Nikadai ni dharura ya mama mkwe. Akaweka nyundo chini, akauliza mama anaumwa nini. Uongo ukanishinda, nikasema sufuria.  Kisha akafumua ngozi, akanitoza ya kushona na ya kufumua.

Alhamisi, 1 Januari

Nimeingia kwa mama mkwe kifua mbele, boksi la sufuria begani. Mezani kulikuwa na boksi kama hilohilo. Shemeji alinitangulia saa nzima. Alikuwa anasimulia alivyowahi, dukani zilibaki tatu tu. Nikasema hata mimi niliwahi. Tukapeana mikono. Sikuweza kumwambia bango lile ni kazi ya nani.

Mama mkwe alishukuru, akasema yeye ana jiko moja, akampa binti yake seti yangu. Mke wangu hakugomba. Aliuliza tu ile ngozi iko wapi. Kisha akachukua gauni la mama yake lililochanika, akalishona kwa mkono mchana kutwa. Niliona aibu. Ningefurahi kama angenigombeza.

Ijumaa, 2 Januari

Nilitaka kuirudisha dukani. Pale mlangoni kuna bango: mali ikishauzwa hairudi. Mwandiko wangu.

Mke wangu kasema tutaiuza nyumbani, niandike bango. Bei ya juu kaitaja yeye, zaidi ya mara mbili, nikaikata. Ya chini ni kiasi kilekile nilichotoa kwenye ngozi. Akipata mnunuzi tu, kesho yake ananunua cherehani. Mwishoni nikaongeza “Imebaki moja tu.” Safari hii ni kweli.

Jumatatu, 5 Januari

Leo mshahara. Narudi nyumbani, namkuta mama jirani amesimama mbele ya bango, pochi wazi. Moyo ukanipasuka tena. Imebaki moja tu! Nikamwambia pole, imeshachukuliwa. Akauliza na nani. Nikasema na mimi.

 Mke wangu akanyoosha mkono, akasema basi nilipe. Nililipa palepale, asije akabadilisha bei.

Alitoka saa ileile, akarudi na cherehani. Sasa yuko chumbani anashona sare ya kwanza, anaimba. Mimi niko jikoni na seti yangu. Nimeipata chini ya nusu bei, na jirani kaikosa.

Nilisema mwaka huu haunipati.