Kiti cha Bwana Limitedi

Ujanja huu ulizaliwa kwenye foleni ya kulipia umeme. Mwanamume mmoja alikuwa amekata simu, kichwa ameinamisha, mabega yanamtetemeka. Nyuma yake alisimama mtu mwenye tai ya kuazima, ambaye mji ulikuwa umeshamfahamu kwa kuuza miwani isiyo na vioo ("inaacha macho yapumue") na dawa ya kuwafanya panya wahame kwa hiari yao. Alimgusa bega yule mwenye majonzi, akasema neno moja tu.

"Pole."

Hakulisema hivihivi. Alilivuta kama mtu avutaye ndoo kisimani: poooole. Yule bwana akageuka, akalia, akasimulia visa vya ndugu zake wote, akampisha mbele kwenye foleni, na mwisho akamnunulia soda.

Mwenye tai aliinywa soda ile polepole, kama anayesoma. "Kumbe watu wanalipa waambiwe pole," alijiambia. "Na mimi nahangaika na panya!"

Basi hapo ndipo alipopatikana Kocha Pole, kocha wa afya ya akili. Wapo wanaoisomea kazi hiyo kwa miaka na kuifanya kwa moyo safi, Mungu awazidishie. Huyu aliisomea kwenye chupa ya soda.

Dosari ilikuwa moja: wateja wake wa zamani walikuwa bado wanamtafuta, na si kwa salamu. Akaenda kwa mwandika hati mwenye meza chini ya ngazi za jengo la ofisi, ambaye watu humwita Wakili wa Ngazini kwa sababu kila akisimama kwa haraka hujigonga utosi.

"Dawa yako ni kampuni ya dhima yenye ukomo," alisema Wakili. "Limitedi. Kampuni ni mtu mbali, na wewe mtu mbali. Ikidaiwa, imedaiwa yenyewe. Lakini ukitapeli watu kwa makusudi, hapo..."

Kocha Pole hakuisubiri "lakini". Maisha yake yote alikuwa hazisubiri. Akaenda moja kwa moja kwa mama yake mdogo, ambaye alishona mapazia sebuleni kwake kwa cherehani ya mguu. Cherehani ile ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyomlea hata huyo Kocha alipoachwa mikononi mwake akiwa na meno mawili.

"Mama Mdogo, nataka kukufanya mkurugenzi."

"Wa nini, mwanangu?"

"Wa kampuni ya ukocha."

"Timu gani?"

"Si mpira, Mama. Timu ya kichwani. Hisa zote zitakuwa zako, jina lako, sebule yako. Mimi sitaki makuu. Nitasaidia tu kupokea ada."

Hesabu yake ilikuwa nyeusi kama sufuria. Angekusanya ada za mwaka mzima kwa mkupuo, kisha atokomee. Wenye hasira wangekuja kwenye kampuni, wamkute mkurugenzi, na kitu cha kubeba mle ndani kilikuwa kimoja tu: cherehani.

Mama Mdogo aliachia pedali. "Na hiyo kampuni ndiyo nini hasa?"

"Ni mtu, kisheria."

"Mtu! Anakula?"

"Inakula ada."

"Ya halali?"

"Halali tupu."

"Anakaa wapi?"

"Hapahapa kwako. Lazima iwe na makazi."

"Basi mgeni hakai chini," alisema Mama Mdogo, akainuka kutafuta kiti.

Kampuni ilipoandikishwa, Kocha Pole alikikuta kiti kimewekwa penye mwanga dirishani, kimevishwa mto wa pazia la kijani uliodariziwa LIMITEDI. Mama Mdogo alikuwa anakisalimu asubuhi. Na angalia sana alivyosema. Kocha akisema kampuni "imefunguliwa", yeye alisema Kampuni "ameamka". Kocha akisema "iko tayari", yeye "yuko tayari, ila leo kanuna." Kocha akacheka mpaka tai ikalegea. Mwache bibi afurahi na kiti chake.

Wateja wakaja. Fundi majokofu, ambaye mkewe alimwita barafu. Karani aliyemwota bosi wake kila akilala, na mwalimu wa hesabu aliyeogopa namba saba. Kocha aliwapa pole ya kuvuta, pole ya puani, pole ya kufumba macho, akawaamuru wapumue. Walikuwa wanapumua tangu utotoni, lakini sasa walipumua kwa ada.

Siku moja Kocha alitoka kununua vocha, fundi majokofu akaingia.

"Kocha yuko wapi, mama?"

"Katoka. Ila mwenye shughuli yupo." Akaonyesha kiti kwa mkasi. "Keti, mweleze."

Fundi akatazama kushoto, akatazama kulia. Aibu ilimshika, lakini shida ilimshika zaidi. Akaketi, akakieleza kiti. Aliporudi Kocha, alimkuta mtu anafuta machozi huku anatabasamu.

"Huyu bwana ni msikivu!" alisema fundi. "Hajanikatiza hata mara moja. Wewe ndugu yangu, usichukie, una pole nyingi mno."

Maneno hayana miguu lakini hufika. Juma hilohilo karani alimtaka Kampuni. Mwalimu wa hesabu alimtaka Kampuni, na akatoka akiitaja saba kwa sauti. Foleni ikapinda kona ya nyumba. Hata Wakili wa Ngazini alikuja, akajigonga mlangoni, akakaa mbele ya kiti kitambo kirefu, akatoka bila kumtazama mtu usoni.

Kocha Pole akaanza kukikodolea macho kiti. Aliwahi kushindwa na polisi, na mbwa, na mvua, lakini na fanicha kamwe! "Kina nini ambacho mimi sina?" alinong'ona, akakipiga teke la siri.

"Usimguse!" Mama Mdogo alifoka bila kuinua macho kwenye pindo.

Ikafika siku ya ada ya mwaka. Kasha lilijaa, likawekwa kwenye mto wa kijani. Sebule ilifurika watu, na Kocha alikuwa amekwisha kufunga begi lake. Akakohoa kwa heshima, akanyoosha mkono. "Niipeleke benki."

"Umemwomba mwenyewe?" aliuliza Mama Mdogo.

"Mwenyewe nani?"

"Ulinifundisha wewe, mwanangu. Kampuni mtu mbali, wewe mtu mbali. Cha mtu hakichukuliwi bila ruhusa yake. Muulize."

"Mama, hiki ni kiti!"

Sebule ikaguna. Fundi majokofu akasimama. "Unamwita nani kiti?"

Kocha akageukia mto. "Bwana Kampuni," alisema, na jasho likamshuka, "unaniruhusu?"

Kimya. Hata cherehani ilitulia.

"Mmeona!" Kocha akaruka. "Kunyamaza ni kukubali!"

"Kimya ni jibu," alisema Mama Mdogo.

"Wakili! Sema sheria!"

Wakili alikuwa amejibanza nyuma ya pazia, kwa kuwa zamu yake ilikuwa bado. "Sheria ni kwamba wewe hapa huna hisa, huna cheo, wala hukuajiriwa. Uliniambia mwenyewe jina lako lisiguswe. Kwenye kampuni hii wewe ni mpita njia."

"Na dhima yenye ukomo?"

"Ukomo wako ni pale kizingitini."

Begi likamtangulia nje, likifuatwa na tai. Kocha Pole alikaa barazani mpaka foleni ikaisha. Mjini hakuendeki, kule kuna wenye miwani isiyo na vioo. Akapiga hodi, akatoa senti zake za nauli, akakaa mbele ya kiti. Alikusudia kukilaghai. Kinywa kilipofunguka, akatoa habari za meno yake mawili, na mkono uliompokea, na cherehani aliyoitaka ichukuliwe na watu wa hasira. Akalia kama bomba lililopasuka.

Nyuma yake, sauti ilisema, fupi, bila kuvutwa: "Pole."

Akajifuta. "Mama Mdogo, sina pa kwenda. Nipe kazi."

"Kazi ipo. Walio kwenye foleni wanachoka. Uwe unawaambia pole."

"Na mshahara?"

"Hilo si langu. Muulize mwenyewe."

Akaukabili mto wa kijani, akauliza, akangoja. Kiti kilikaa kama kiti. Mama Mdogo alikata uzi kwa meno, akatega sikio.

"Enhe? Kasemaje?"

Kocha Pole akashusha mabega.

"Amekataa," alisema.