Kamba ya Madumu Ishirini

Jumatatu, 4 Machi
Leo siku ya hamsini na tatu. Mke wangu alivuka kwenda kumuuguza dada yake, wiki mbili tu. Huku nyuma magugumaji yakaziba ghuba yetu, mashua ya abiria haifiki tena gatini. Basi linazunguka ziwa kutwa nzima, naye kwenye basi hutapika hadi nyongo. Kwa hiyo yuko ng'ambo, mimi niko hapa, na gauni lake bado liko kwenye kamba ya nguo. Sijalianua. Nitaisafisha ghuba mwenyewe! Nimempigia simu kumwambia. Akauliza nimekula nini.

Jumanne, 5 Machi
Nimeng'oa kwa mikono tangu alfajiri. Rundo limenizidi urefu! Mgongo sina. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinitazama akiwa kitini. Yeye anafuga kwenye mabeseni vijidudu vinavyokula magugumaji. Anasema vitayamaliza, vipewe miaka mitatu. Miaka mitatu! Kwake rahisi, mke wake yuko jikoni. Akaongeza kwamba rundo langu liko karibu mno na maji. Nikamjibu kuwa hapa si darasani.

Jumatano, 6 Machi
Mawimbi yamerudisha rundo lote ziwani. Mwalimu alikuja kutazama. Alikohoa tu. Kikohozi kile nakijua.

Alhamisi, 7 Machi
Akili mpya! Nimefunga madumu matupu ishirini kwenye kamba, nikaikatiza mlangoni mwa ghuba, toka mwamba hadi mwamba. Magugu ya nje hayaingii. Ya ndani nitayang'oa polepole. Mwalimu akauliza upepo ukigeuka, ya ndani yatatokea wapi. Wivu huo. Nimechemsha chai ya watu wawili tena. Mkono haujazoea.

Jumamosi, 9 Machi
Upepo umegeuka. Magugu ya nje yote yamesukumwa mbali, maji meupe kabisa! Saa nne ikaja mashua, ya kwanza tangu Januari. Nilimtambua kwa mtandio wake wa njano, amekaa mbele, kikapu mapajani. Moyo ulinienda mbio kama wa kijana. Mashua ikafika kwenye kamba yangu, ikasimama. Kwa ndani magugu yote yalikuwa yamekuja kubanana kwenye madumu, ukuta wa kijani. Nikapiga kelele wasubiri. Nilipokipata kisu na kuukamata mtumbwi, nahodha alikuwa ameshageuza. Mke wangu akanipungia mkono. Nami nikapunga, na kisu changu.

Jumapili, 10 Machi
Amepiga simu. Nilijua nitagombezwa. Hakugomba. Alisema amenikumbuka, na kwamba alipokiona kipara changu kule gatini alicheka, kisha akalia. Akasema niachane na kamba, nipande basi mimi, maana mimi sitapiki. Nije tu. Sauti yake ilikuwa ya chini mno. Machozi yalinilenga. Nikamwambia naja, nikimaliza kazi kidogo.

Baadaye mwalimu akaniletea ratiba ya mabasi. Lile la kesho saa moja asubuhi amelizungushia kalamu nyekundu. Anasema nafasi zipo tele.

Nimeitazama ratiba ile kwa muda mrefu. Namtaka mke wangu, hilo halina mjadala. Kisha nikaigeuza. Nyuma ni nyeupe kabisa, karatasi nzuri. Nimechora kamba ya pili. Madumu arobaini.