Mkutano wa Majitu wa Kikima

Jumamosi, 24 Oktoba 1987

Barua imefika! Kutoka Amerika! Imekuja ikiwa imeshafunguliwa, kwa sababu napitishia barua zangu kwenye sanduku la posta la Evanson wa studio ya picha, na Evanson husoma za kila mtu. Safari hii ameacha na alama ya kikombe cha chai. Potelea mbali. Ndani kuna kadi yenye jina langu: Mulei, mwanachama kamili wa chama cha wapenzi wa filamu za kutisha. Mimi! Fundi wa redio wa Kikima!

Mungu ambariki yule mwalimu mzungu wa hesabu aliyeniachia magazeti yake alipoondoka. Wengine aliwaachia viatu. Mimi niliachiwa majitu. Mnyonya damu mwenye koti refu. Mtu anayegeuka mbwa mwitu. Maiti wa bendeji. Na yule aliyeshonwa kwa vipande vya watu, ambaye namhurumia sana. Nawapenda wote.

Barua inasema tarehe 31 Oktoba ni Halowini, sikukuu ya kutishana. Wapenzi wa majitu hujaza hoteli nzima, kila mmoja amevaa jitu lake, wanatazama filamu, wanapiga picha. Kila tawi duniani lifanye mkutano wake na litume picha. Iliyo bora itatoka gazetini.

Tawi la huku kwetu Mbooni ni mimi peke yangu. Nimejichagua mwenyekiti. Sikupingwa.

Jumapili, 25 Oktoba

Kanisani. Benchi ya nyuma, kama kila Jumapili tangu Machi. Huko ndiko wanakokaa walio chini ya nidhamu. Ukiwa huko huimbi kwaya, hushiriki meza ya Bwana, na mtoto wako hawekwi wakfu.

Kosa langu lilikuwa dogo. Nilifunga spika za kanisa bure kabisa, nikavuta kawaya kamoja tu kutoka kwenye redio yangu ili washirika wasikie ubora wa kazi. Nani angejua muziki wa benga ungeingia katikati ya ushirika mtakatifu? Mama mmoja alicheza kabla hajajizuia. Mzee Muthama, mwenyekiti wa nidhamu, hakucheza.

Jumapili ijayo wazee wataamua kama natoka kwenye benchi. Nikitoka, siku hiyo hiyo binti yetu Mbinya, miezi mitatu, atawekwa wakfu. Mama mkwe wangu, Kasyoka, anakuja kutoka Kibwezi kushuhudia. Kavata, mke wangu, amenikalisha chini. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema Baba Mbinya, ukivuruga tena kabla ya Jumapili, mimi na mtoto tunaondoka na mama, na mtoto atawekwa wakfu Kibwezi, babu yake akisimama mahali pako.

Nimemwapia. Wiki hii nitakuwa mtu mwingine. Na hata hivyo mkutano ni Jumamosi, wakfu ni Jumapili. Mambo mawili hayagusani hata kidogo!

Jumatatu, 26 Oktoba

Nimekwenda kwa binamu yangu Nzuki, anayechonga vinyago vya watalii. Nimempa ukurasa wa gazeti wenye yule aliyeshonwa. Nimemwambia nataka kichwa kizima cha kuvaa, chenye matundu ya macho. Akauliza kama atabasamu, maana twiga na Wamasai wake wote wanatabasamu, watalii ndivyo wanavyopenda. Nikasema asitabasamu hata kidogo. Alihuzunika lakini amekubali. Binamu wa namna hii ni baraka.

Jumatano, 28 Oktoba

Evanson ana kila kitu: televisheni, video, jenereta, kamera. Ndiyo sababu anajiona. Huonyesha filamu za karate kila Jumamosi na watu wanatoka pale wakipigana mateke sokoni. Nimemweleza wazo langu. Alicheka mpaka akakaa chini. Alisema hakuna Mkamba atakayeogopa mtu wa bendeji, atamwuliza tu aligongwa na gari gani.

Baadaye alitaka awe katibu wa tawi. Nikakataa kabisa. Akasema basi awe mwenyekiti. Nikampa ukatibu haraka. Atakuja na mitambo, filamu na kamera. Nakiri ana moyo, huyu jamaa, hata kama nia yake ni kuniona nikianguka.

Alhamisi, 29 Oktoba

Ukumbi tayari: ghala la zamani la kahawa. Nimeziba madirisha kwa magunia, ndani giza totoro mchana kweupe. Tangazo nimelibandika buchani: MKUTANO MKUBWA. JUMAMOSI SAA TISA. UTATETEMEKA.

Viti hakuna. Nikawaza. Mzee Muthama amekwenda mjini Wote kwa shughuli za kanisa, hatarudi mpaka Jumamosi jioni. Benchi za kanisa zimekaa bure tangu Jumapili mpaka Jumapili, jambo ambalo hata Biblia haifurahii. Nimemwambia Mbuvi, mtunza kanisa, kwamba chama kimoja cha kimataifa kinaziomba. Sikusema uongo wowote. Ametoa zote, na ile ya nyuma pia. Aliniuliza kama nitaikalia. Hii dharau nimeisamehe.

Ijumaa, 30 Oktoba

Woi!

Nimechukua kichwa kwa Nzuki. Kumbe mbuzi alikula ule ukurasa Jumatatu ile ile. Nzuki hakutaka kunisumbua. Alikumbuka tu kwamba jitu lina paji kubwa, macho ya ndani, taya nzito na halicheki. Mchongaji hawezi kuchonga hewa, anasema, lazima amtazame mtu. Basi akakaa sokoni siku nzima akitafuta mtu wa namna hiyo, akampata.

Nimekiweka mezani nikawasha taa. Nikajikuta nimevua kofia.

Ni Mzee Muthama! Yeye kabisa! Mpaka lile pengo la meno ya chini. Mpaka ule mkunjo wa katikati ya nyusi alionao akisoma majina ya walio chini ya nidhamu. Hakuna wakati wa kuchonga kingine. Nimejiliwaza kwamba gizani vichwa vyote ni kimoja. Kazi yenyewe ni nzuri ajabu, lazima niseme. Nimekificha chini ya kitanda. Kavata anafagia kila mahali isipokuwa huko, na leo namshukuru kwa hilo.

Jumamosi, 31 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilitegemea vijana ishirini wa karate. Walikuja watu sitini, na nusu yao akina mama wa kanisa! Nilisahau jambo moja. Huku kwetu benchi za kanisa zikionekana barabarani, akina mama huzifuata bila kuuliza. Benchi zikitoka, kuna ibada, harambee au msiba, na kwa vyote vitatu unabeba leso na Biblia. Wakaketi mbele. Vijana nyuma. Hakuna aliyevaa jitu lolote isipokuwa mimi, nyuma ya pazia, na koti langu refu.

Filamu ikaanza. Ngome. Radi. Mbwa mwitu akalia. Mama mmoja akamkemea mbwa mwitu kwa jina la Yesu, na papo hapo jenereta ikazimika. Shangwe! Haleluya! Evanson akakimbilia nje kuivuta kamba. Ng'o. Haikushika.

Watu wakaanza kunung'unika. Nikaona picha yangu ya gazetini inakufa. Nikavaa kichwa, nikainua mikono, nikaruka mbele ya pazia nikingoja mayowe.

Wakasimama. Wote! Kofia zikavuliwa, vichwa vikainama, macho yakafumbwa. Mwanga ulikuwa ule wa matundu ya magunia tu. Waliona Mzee Muthama amefika, amenyoosha mikono, basi ni maombi ya kufungua mkutano. Na kweli, nani huku kwetu amewahi kufungua mkutano bila maombi? Ni mimi tu niliyesahau.

Ningekimbia. Nilitazama mlango wa ubavuni kupitia matundu ya macho, na kwenye benchi ya mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwangu, amesimama Kasyoka. Mama mkwe! Alishuka kwa basi la mchana, akaziona benchi, akazifuata. Kwa Wakamba mama mkwe humkaribii, humpiti kwa mbio, humrukii. Ukikutana naye njiani unaingia kichakani mpaka apite. Mimi nilikuwa nimemrukia nikiwa na mikono juu na kichwa cha mti. Ningesogea, koti lingemgusa. Ningevua kichwa, angeniona.

Nikaomba. Kwa sauti nzito ya Muthama. Niliombea mvua za Novemba. Niliombea kahawa. Nilipokaribia kusema Amina, mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, na hapo mlangoni akasimama Mzee Muthama mwenyewe, amerudi mapema, amefuata benchi zake.

Akajiona akiomba.

Sasa ningesemaje Amina? Amina ni kufumbua macho, na wakifumbua wataona wawili. Nikaendelea. Niliombea ng'ombe, baraza la mji, mabonde yote ya Mbooni, wagonjwa kwa majina, kisha wazima kwa majina. Mzee hakutikisika. Ule mkunjo ulikuwa mahali pake. Evanson akatokea pembeni yake na kamera. Nikasikia inalia ka! na sikujali tena.

Maneno yakaniishia. Basi nikafanya ujanja wangu wa mwisho. Nikasema Bwana, nisamehe mimi Muthama kwa ukali wangu, namsamehe yule Mulei, namtoa benchi ya nyuma. Watu wakaitikia ndiyo Bwana! Nikataka kuongeza sifa za Mulei. Akilini nikamwona Mbinya mgongoni kwa mama yake, kwenye basi, anakwenda Kibwezi. Nikasema Bwana, Mulei ni mjinga, wewe unamjua, huahidi asubuhi na kuharibu jioni, lakini mtoto hajakosa, mtoto asilipie benchi ya baba yake. Nikalia. Ndani ya kichwa cha mti machozi hayana pa kwenda. Yakanijaa mpaka kidevuni.

Kisha Amina. Haikutoka kwangu. Ilitoka mlangoni.

Macho yakafumbuliwa. Muthama mbele, Muthama mlangoni. Hapo sasa walitetemeka! Benchi zilianguka, vijana wa karate walitoka kwa dirisha na magunia yake. Kasyoka peke yake hakukimbia. Alinitazama viatu, akavijua, akafunika uso kwa leso kwa heshima zote, akapita pembeni. Nilivua kichwa nikiwa nimeelekea ukutani.

Mzee Muthama alikichukua kichwa mikononi mwangu. Alisema tu benchi ziwe kanisani kabla ya saa kumi na mbili, na kwamba kichwa atakwenda nacho yeye.

Nimezibeba zote mwenyewe. Kavata amefunga nguo za mtoto kwenye kikapu, kimewekwa mlangoni. Sijala. Sistahili.

Jumapili, 1 Novemba

Nililala bila kulala. Kikapu nacho kilikuja kanisani. Nikakaa nyuma.

Mzee Muthama alisimama kusoma majina. Alisema jana mbele ya watu sitini maombi yaliombwa kwa jina lake kwamba amemsamehe Mulei. Hayakuombwa na yeye. Yaliombwa na mjinga. Lakini Amina ameisema yeye, kwa kinywa chake, hakuna aliyemlazimisha, na katika miaka yake yote ya uzee wa kanisa hajaona Amina ikirudishwa. Akaniita mbele.

Nikaenda. Kavata alinipa mtoto nimshike mimi. Mzee akamwinua Mbinya juu, Mbinya akamshika taya kwa mikono miwili akacheka. Na Mzee, jamani, Mzee akacheka pia, pengo na yote! Nililia mbele ya kila mtu na sikuona aibu. Nashukuru Mungu. Namshukuru Muthama, Kavata, Nzuki, hata yule mbuzi.

Kasyoka amenitumia salamu kupitia kwa Kavata, kwamba mkwe wake anaomba vizuri ila aombe kwa ufupi. Kikapu kimerudi nyumbani, nguo ziko kwenye kamba. Nimemwapia Kavata tena, na safari hii nilikuwa na machozi.

Jumatatu, 2 Novemba

Evanson ameosha picha. Ni nzuri kuliko zote za magazetini! Watu sitini wameinamisha vichwa, macho wameyafumba, wengine wameinua mikono, na katikati limesimama jitu. Hao Wamarekani hawajawahi kuona hofu ya namna hii.

Nimeituma leo kwa ndege. Chini nimeandika: Watu wa Kikima wakiziba macho wasilione jitu la kutisha kuliko yote katika Kenya. Halafu nikaona si haki kumficha mtu aliyenitendea wema mkubwa hivi, nikaongeza jina lake kamili, cheo chake na kanisa lake. Nimewaomba wamweke ukurasa wa mbele.

Na sitaki tena Evanson afungue barua zangu. Majibu nimeagiza yaje kwa sanduku la posta la kanisa. Ufunguo anao Mzee Muthama mwenyewe, na kila Jumapili baada ya ibada hufungua barua zote na kuzisomea washirika kwa sauti. Nataka afurahi mbele ya watu. Kavata sijamwambia, nataka naye ashtukie tu.