Mkoromo wa Mume Wangu Uliopigiwa Makofi Ukumbini Kwenu

Ndugu Meneja wa Ukumbi,

Pokea salamu za mama mmoja ambaye siku hizi halali. Natumaini wewe unalala.

Jumamosi binti yetu alituleta kwenye jioni yenu ya muziki wa majaribio. Sina ugomvi na muziki wenyewe. Yule kijana aliyekwaruza sufuria kwa upinde wa fidla, na yule dada aliyeimba ndani ya bomba la maji, nawatakia kila la heri. Ila mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma na alikuja moja kwa moja kutoka karakana. Kabla bomba halijaanza alishasinzia, akakoroma. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilipotaka kumfinya aamke, mhudumu wenu wa mlangoni alinishika mkono, akaniomba kwa heshima zote nisimsumbue msanii. Tangu tuoane namfinya mume wangu bila kibali cha mtu.

2. Mpiga ngoma wenu aliposikia mkoromo aliacha alichokuwa akipiga, akaanza kuufuata. Sufuria nazo zikaingia. Mtu akaleta kipaza sauti, akakisogeza hadi puani pa mwenzangu! Watu wakasimama kushangilia, na wa kwanza kusimama alikuwa binti yangu wa kumzaa mwenyewe. Niliona aibu mpaka nikajifunika mtandio.

3. Mume wangu aliamshwa na makofi, akainama kushukuru. Tangu hapo hashikiki. Nikimwambia alalie ubavu, anasema ubavu unabana sauti. Mto niliomshonea ili anyamaze ameutupa juu ya kabati. Mawifi zangu wanakuja kumsikiliza akijipumzisha jioni, na chai napika mimi.

4. Mimi ni fundi cherehani. Juzi, kwa usingizi, nilimshonea mwalimu mkuu suruali yenye miguu yote ya kushoto. Ameivaa, akarudi taratibu sana.

5. Mmemwalika tena. Kwenye bango, jina lake la karakana, Bati, ni kubwa kuliko la mpiga ngoma. Mimi niliyemlea hadi akafikia kiwango hicho sikutajwa hata pembeni.

Kwa hiyo naomba umwandikie rasmi, kwa muhuri, kwamba zile zilikuwa kelele tupu na mlipiga makofi kwa bahati mbaya. Likikushinda hilo, mchukue akalale huko huko ukumbini. Godoro nitalileta mwenyewe. Nataka usingizi wangu tu, ndugu yangu, sina makuu.

Nisalimie wasanii wote, wa sufuria na wa bomba. Mhudumu wa mlangoni simsalimii.

Wako katika kukesha,
Mke wa Bati

Nyongeza: Mwambie mpiga ngoma kwamba aliharakisha. Baada ya mkoromo wa tatu huwa kuna kimya. Yeye alidhani umekwisha, akapiga. Haukuwa umekwisha. Hapo pumzi huwa imesimama, na mtu hungoja, mkono ukiwa kifuani pa mume, mpaka irudi na kale kafilimbi ka puani. Miaka yote hii nangoja hapo kila usiku kwa hofu, na kakilia nafurahi kama mara ya kwanza. Hapo ndipo patamu kuliko pote, asipaharibu. Nami niwekeeni kiti kushoto kwa mume wangu, maana ndiko ninakolala.